Tiketi Moja hadi Colombo

Barabara ya kwenda Dhanushkodi imepita katikati ya maji. Ukiwa ndani ya bajaji, mkono wa kushoto una Ghuba ya Bengal, maji mafupi ya kijani yasiyo na haraka; mkono wa kulia una bahari ya Mannar, na hiyo haitulii, inapiga ufuo usiku na mchana. Baina ya bahari hizo mbili pana mchanga, mivinje michache, na vidimbwi vya chumvi wanakotua heroe msimu wao ukifika. Kisiwa cha Pamban, kusini-mashariki mwa India, huzidi kuwa chembamba kadiri unavyoendelea, mpaka nchi inakwisha mbele ya macho yako na hakuna pa kwenda tena. Ng'ambo, kama kilomita 30 hivi, ni Sri Lanka.

Kabla ya kuufikia mwisho huo kuna magofu: kanisa lisilo na paa, jengo la posta, tangi la maji, na stesheni ya treni. Stesheni imebaki vipande. Matao machache, nguzo zilizosimama bila kubeba kitu, ukuta ulioinama upande wa upepo. Sikuona reli wala taruma. Mchanga umejaa hadi mahali ambapo zamani palikuwa na madirisha, na mbuzi wanapita ndani kwa ndani kana kwamba ni uchochoro wao.

Mtu aliyelelewa pwani yetu hahitaji kuelezwa habari za kuta za mji huu. Lipu imebanduka, na chini yake yamejitokeza matumbawe, jiwe lile lile walilochonga wajenzi wa Gedi, Shela na Kilwa Kisiwani, likashikwa kwa chokaa. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa kanisa nikazikuta zile pete na mistari ya matumbawe niliyoizoea tangu utotoni. Bahari ni moja, na watu wanaokaa ukingoni mwake walijenga kwa kile ilichowapa. Hilo peke yake lilinifanya niondoe haraka niliyokuja nayo.

Nilifika huko kwa njia ambayo familia nyingi za Tanzania na Kenya zinaijua. Mjomba alikuwa Chennai kwa matibabu, upasuaji ulikwisha salama, na daktari akasema apumzike kwanza kabla ya vipimo vya mwisho. Shangazi akabaki naye. Mimi nikaambiwa niende nikaone nchi kidogo, maana nilikuwa nimekonda kwa kukaa kwenye mabenchi ya hospitali. Nikapanda treni ya usiku ya kwenda Rameswaram, na alfajiri tukavuka bahari.

Daraja la sasa la Pamban lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 2025. Lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, na kipande chake cha kati huinuliwa wima ili meli zipite. Pembeni yake lilikuwepo lile la zamani, la 1914, lililoacha kupitisha treni Desemba 2022. Treni inatembea polepole sana juu ya maji, na abiria wote, hata wale waliokuwa wamelala, wanahamia madirishani. Mama mmoja jirani yangu alitupa sarafu baharini na kuunganisha viganja. Wahujaji wa Kihindu huenda Rameswaram kwa ajili ya hekalu kubwa la Shiva, kisha huenda kuoga Dhanushkodi, mahali ambapo kwa imani yao Rama alijenga daraja la kuvukia kumfuata mkewe Sita aliyetekwa. Wapo wanaoamini kuwa hija ya kwenda Kashi, kaskazini mwa nchi, haitimii mpaka mtu aoge katika maji haya.

Daraja lile la zamani lilifunguliwa Februari 1914. Mwezi huohuo, upande wetu wa bahari, reli ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu nirudi. Kigoma tunaiita mwisho wa reli, lakini kila aliyewahi kushuka pale anajua kuwa safari haiishii stesheni: chini kuna bandari, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, na ukiifuata meli kusini utafika Zambia. Dhanushkodi ilikuwa hivyohivyo. Reli ilikwenda mpaka majini, na palipokwisha reli palianza meli.

Treni iliyoufanya mji huu ujulikane iliitwa Boat Mail. Ilitoka Madras, ambayo leo ni Chennai, ikashuka kusini, ikavuka daraja na kufika gatini Dhanushkodi. Abiria wakashuka, wakapita forodha na kwa waganga wa karantini, wakapanda meli ya mvuke. Baada ya saa chache walikuwa Talaimannar, upande wa Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa hadi 1972, na pale treni nyingine ikawangoja kuwapeleka Colombo. Safari yote hiyo, treni, meli, treni, ilikuwa kwa tiketi moja. Mtu alinunua karatasi yake Madras na karatasi hiyohiyo ikamfikisha Colombo.

Hicho ndicho kilichonishika kuliko magofu yenyewe. Tumezoea kuifikiria bahari kuwa mpaka, na stesheni ya ufuoni kuwa mwisho. Hapa palikuwa pa kupitia. Wachache tu walikaa Dhanushkodi. Walikuwa wafanyakazi wa reli, watu wa forodha, wavuvi, wapagazi, wenye vioski vya chai na nyumba za wageni. Wengine wote walikuwa safarini, na kwa wengi wao safari haikuwa ya kupenda.

Maana lazima tuulize ni nani hasa waliopita. Picha za zamani huonyesha mabwana wenye kofia na masanduku ya ngozi, nao kweli walikuwepo. Lakini mashamba ya chai ya Ceylon hayakulimwa na mabwana. Yalilimwa na Watamil maskini kutoka vijiji vya kusini mwa India, waliochukuliwa na wasimamizi wao wakiwa na madeni shingoni hata kabla hawajachuma jani la kwanza. Walianza kuvuka miongo mingi kabla ya reli, zama za mashamba ya kahawa. Reli ilipokuja, waliwekwa kwanza kwenye kambi ya Mandapam, upande wa bara, wakachunguzwa afya na kuchanjwa, ndipo wakaruhusiwa kuvuka. Waliishi milimani huko, wakazaa, wajukuu wao wakazaliwa hukohuko bila kuijua India.

Kisha Ceylon ikapata uhuru mwaka 1948, na sheria ya uraia ya mwaka huohuo ikawaacha watu hao bila nchi. Walikuwa wamezaliwa Ceylon lakini hawakuwa raia wa Ceylon. Kwa India nako walikuwa wageni. Tarehe 30 Oktoba 1964 mawaziri wakuu wawili, Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon na Lal Bahadur Shastri wa India, waliweka saini mkataba wa kuwagawana. Hesabu ilikuwa watu 975,000. India ingepokea 525,000, Ceylon ingewapa uraia 300,000, na 150,000 waliobaki wangejadiliwa baadaye. Sisi tuliosoma habari za Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na wengine tuliosikia kwa majirani zetu waliopokea jamaa wakiwa na sanduku moja moja, hatuhitaji kuambiwa hesabu za namna hiyo zina uzito gani ndani ya nyumba.

Wiki chini ya nane baada ya saini ile, bahari ikaivunja stesheni.

Kimbunga kilianzia Bahari ya Andaman katikati ya Desemba, kikazidi nguvu kilipokuwa kikielekea magharibi. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 kilipita juu ya Dhanushkodi. Pwani yetu ya Afrika Mashariki Mungu ameikinga na vimbunga vingi kwa kuwa iko karibu na ikweta, ingawa Zanzibar inakikumbuka kile cha mwaka 1872, kilichoangusha minazi na mikarafuu na kuzamisha majahazi ya Sultani Barghash. Kwa hiyo mtu wa kwetu anaposikia mawimbi ya mita saba hana budi kusimama akainua macho mpaka juu ya ukuta wa kanisa ili aelewe. Maji yalitoka pande zote mbili za kile kipande cha mchanga. Hapakuwa na kilima cha kukimbilia.

Treni namba 653, ya abiria wa kawaida, ilikuwa njiani kutoka Pamban kuja Dhanushkodi. Inasimuliwa kuwa ilipokaribia stesheni dereva aliikuta taa ya ishara imezimika. Akangoja. Giza lilikuwa totoro na mvua inapiga. Mwishowe akapuliza honi ndefu akasogea mbele. Wimbi likaichukua treni nzima. Hesabu inayotajwa ni abiria 110 na wafanyakazi watano wa reli, na hakupona hata mmoja. Wapo wanaosema waliokufa walikuwa zaidi, kwa sababu kila siku walikuwepo watu waliopanda bila tiketi, wavuvi na wahujaji wasio na fedha, na hao hawakuandikwa popote. Katika eneo zima waliokufa usiku ule wanakadiriwa kuwa zaidi ya 1,800. Nyaya za simu zilikatika, daraja likavunjika, na kisiwa kikabaki peke yake na maiti wake.

Nilikaa kivulini kwenye tao la stesheni nikimfikiria yule dereva. Sijui kama neno ujasiri linamfaa au neno wajibu. Alikuwa na watu nyuma yake, mbele yake palikuwa na stesheni, na stesheni kwa kila dereva wa treni ni mahali pa salama. Alikwenda kwenye usalama alioujua.

Serikali ya jimbo ilitangaza kuwa mji haufai tena kukaliwa na watu. Lakini daraja halikuachwa. Vyuma vyake zaidi ya mia moja vilikuwa vimeng'olewa na kutupwa chini ya bahari, na mhandisi kijana aliyeitwa E. Sreedharan akapewa kazi ya kulirudisha. Wakubwa walifikiria miezi. Wavuvi wakamwonyesha mahali vyuma vilipolala, vikaopolewa, vikapachikwa upya, na daraja likapitisha treni baada ya siku 46. Ni kazi ya kustahili sifa zote ilizopewa, na Sreedharan baadaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa treni za mjini Delhi. Hata hivyo nikilitazama daraja lile naona pia uamuzi uliofanyika kimyakimya: reli irudi mpaka Rameswaram, kwenye hekalu, na isivuke hapo. Meli za kwenda Talaimannar zikahamishiwa Rameswaram. Wale wachuma chai waliogawiwa India kwa mkataba walirudi kwa njia hiyo, wakapokelewa Mandapam, kambi ileile waliyopitia babu zao. Vita vilipoanza Sri Lanka katika miaka ya 1980 meli nazo zikasimama. Tiketi ile moja haikuuzwa tena.

Rameswaram imemtoa mtu mmoja ambaye dunia inamjua, A. P. J. Abdul Kalam, mwanasayansi wa roketi aliyekuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Alizaliwa hapo mwaka 1931, mtoto wa familia ya Waislamu wa Kitamil. Baba yake alijenga mashua ya mbao ya kuwavusha wahujaji wa Kihindu kwenda Dhanushkodi na kurudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili treni iliacha kusimama Rameswaram, basi magazeti yakawa yanatupwa kwa mafurushi kutoka kwenye treni inayokwenda, katika njia ya Dhanushkodi, na Kalam mdogo akawa anayadaka kwa niaba ya binamu yake aliyeyauza. Aliandika kwamba huo ndio ulikuwa ujira wake wa kwanza. Mimi napenda habari hii kwa sababu inairudisha reli kwenye maisha ya kawaida. Usiku wa kimbunga umeifunika stesheni hii kiasi kwamba mtu anasahau miaka 50 ya asubuhi za kawaida, za mtoto anayesubiri furushi la magazeti na Mwislamu anayewavusha Wahindu kwenda kuoga maji yao matakatifu, bila yeyote kuona ajabu.

Na sasa niseme juu ya uzuri, maana ndio unaowaleta watu. Tangu barabara ya lami ilipofika ncha ya kisiwa mwaka 2017, magari hayakatiki. Zamani ilibidi kupanda gari la kuhimili mchanga. Leo familia nzima inakuja kwa basi, inapiga picha ndani ya kanisa, inakula samaki wa kukaanga, inanunua vidani vya kombe. Maharusi wanakuja na wapiga picha. Kweli ni pazuri. Mchana anga ni nyeupe kwa joto, na kuta zile zilizoliwa na chumvi zinasimama kati ya rangi mbili za bahari kwa namna ambayo mtu anaweza kutazama saa nzima bila kuchoka. Siwalaumu wanaocheka hapo. Watoto hawawezi kuombolezeshwa na ukuta. Lakini uzuri huu umekuja baada ya stesheni kufa. Ilipokuwa hai palikuwa na moshi wa makaa, kelele za wapagazi, harufu ya samaki, foleni ya watu wanaochunguzwa macho na ngozi. Hakuna maharusi ambao wangepiga picha pale. Mtu akiupenda uzuri wa magofu bila kuuliza habari za ile foleni, atakuwa ameiona nusu ya mahali.

Dereva wa bajaji alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitia nyuzi nyavu zake chini ya banda la makuti. Alimwita thatha, yaani babu, nami nikamwita hivyohivyo, akacheka. Dereva akatufasiria. Nilimuuliza kwa nini watu walirudi mahali ambapo serikali ilisema pasikaliwe. Alinyoosha mkono upande wa Mannar.

"Samaki hawakuhama," alisema.

Kisha akanionyesha shimo lililochimbwa mchangani hatua chache kutoka ufuoni, lenye maji ya kunywa. Nikayaonja. Yalikuwa matamu, baridi kidogo, na bahari inanguruma pale karibu. Familia za wavuvi zimeishi hapa kwa visima hivyo, kwenye vibanda vya makuti. Mnamo 26 Desemba 2004, tsunami iliyoua watu mpaka Somalia, Tanzania na Kenya ilipokuja, wenyeji husimulia kuwa kwanza maji yalirudi nyuma sana, misingi ya mji wa zamani ikaonekana chini ya bahari. Nilimuuliza thatha kama aliiona. Alitikisa kichwa kwa namna ya watu wa huko, ambayo mimi bado siwezi kuamua kama ni ndiyo au hapana, akarudi kwenye nyavu zake, na sikuona haki ya kumsumbua zaidi.

Ng'ambo, Sri Lanka, reli ya Talaimannar iliharibiwa wakati wa vita, ikajengwa upya kwa msaada wa India, na Machi 2015 treni ikafika tena. Huku, tarehe 1 Machi 2019, Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la reli ya kutoka Rameswaram kurudi Dhanushkodi. Tangu hapo pamekuwa na pingamizi za kimazingira, nazo ni nzito. Mchanga huu unahamahama, kasa hutaga hapa, na bahari iliyomeza reli ya kwanza iko palepale. Mimi ningependa kuiona treni ikifika Dhanushkodi, kwa sababu nimetoka nchi ambazo reli ikisimama vijiji hufa polepole na hakuna anayekuja kupiga picha. Lakini reli isiyovuka, yenye kuleta watalii asubuhi na kuwarudisha jioni, haitakuwa ile. Heri wangeanza na meli.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji jiwe la msingi. Pale stesheni sikuona majina ya waliokuwemo ndani ya treni namba 653. Wafanyakazi watano wa reli bila shaka waliandikwa mahali, kwenye daftari la mishahara. Waliokata tiketi ni hesabu tu. Waliopanda bila tiketi hawana hata hesabu, lakini walikuwa na watoto, na watoto hao, kama wapo, wako Pamban, Rameswaram na Mandapam, wote sasa wamepita miaka 60. Mtu mmoja mwenye daftari, anayezungumza Kitamil, anaweza kuwapitia nyumba kwa nyumba katika msimu mmoja ambao wavuvi hawaingii baharini. Inafaa aanze mwaka huu.